Kumbeba Ditram

Mimi nililipwa kwa ajili ya kidole. Msicheke. Kidole gumba cha mkono wa kulia ndicho bohari ya Makambako ilichokitaka kwangu. Vilivyobaki, pamoja na kichwa kilichosomeshwa chuoni mpaka baba akamaliza ng'ombe, vilikuwa vinakisindikiza tu kazini.

Oda ziliingia mchana na usiku kutoka nyanda zote za kusini. Hospitali inataka damu, duka linataka sabuni, bwana harusi wa Songea anataka viatu vyeupe. Mratibu hakuzishusha moja moja. Mratibu si mtu, ni mashine iliyokuwa inafikiri kwa niaba yetu sote, na kazi yake ilikuwa kuzikusanya: zinazokwenda njia moja, zinazookotwa kwenye vichochoro jirani vya rafu, zinazowahi treni moja. Anazifunga pamoja, anaziita wimbi. Wimbi likishafungwa linakuja kukaa kwenye kioo changu, kule juu kwenye kibanda, likisubiri kidole. Nikigusa, limeachiwa. Rafu zinawaka taa, mkanda unaanza kutembea, na watu walioko chini wanaanza kuokota.

Kwa nini mashine yenye akili kiasi hicho isijiachilie mawimbi yenyewe? Sheria. Sheria ilisema lazima aguse binadamu aliye hai. Wenzangu wengine waliiona ni heshima. Mimi nilishaelewa mapema: pakitokea la kutokea, awepo wa kuulizwa.

Zamani, nasikia, mtu wa kibandani aliweza kuchomoa oda moja akaitanguliza, au akalikata wimbi vipande. Kitufe hicho walikiondoa, na tuliowafanya wakiondoe ni sisi wenyewe, maana kila aliyekaa pale alitanguliza oda za shangazi yake na za mchungaji wake. Undugu ukatuponza. Kwa hiyo wimbi likawa ni zima au hakuna, na dawa ya mgonjwa ikakaa humo humo na puto za sherehe na chakula cha mbwa, kwa sababu tu vinapanda treni moja.

Sasa koti. Mwokotaji haendi kwa miguu yake, anakwenda kwa koti. Linakubana kutoka shingoni mpaka visiginoni, kichwani una kofia ya kioo, na wimbi likiachiwa linakutembeza lenyewe. Linajifunza lenyewe mazoea ya mwili wako. La Mama Faraja liliinama kwa upande kwa ajili ya mgongo wake. La shemeji yangu Ditram Lulandala, mume wa dada yangu Vaileth, lilijifunza hata ugoro. Kila akifika mwisho wa kichochoro lilimpandishia vidole viwili puani, wakati hana hata punje ya ugoro, na mafundi walijaribu kulifutia tabia hiyo wakashindwa. Tulimcheka mpaka machozi.

Koti halisimami mpaka kreti ya mwisho itue kwenye mkanda. Kinachoweza kulisimamisha ni kimoja, kipima, kidude kama kizibo cha soda kinachokaa kifuani kikisikiliza moyo wa mwenye koti na kugonga pamoja nao, ukikigusa tu unakisikia. Moyo ukichoka, koti linapunguza mwendo. Ukizidiwa, linasimama na kufunguka. Hapo sheria ilifanya la maana, na siilaumu.

Tulioharibu ni sisi, na tuliharibu kwa wema. Huku kwetu mtu akifiwa shamba lake haliachwi likamea magugu, wenzake wanamlimia. Bohari haikuwa na habari za kufiwa. Ukikosa siku mbili, koti lako linapewa mwingine na jina lako linatoka. Basi waokotaji wakagundua kwamba kipima ukikigeuza uso kiangalie nje, hakipigi kelele. Kinarudia tu moyo kiliousikia mara ya mwisho, kinaurudia siku nzima, na koti linaamini mwenyewe yumo ndani. Uliyefiwa unakwenda kuzika. Mwenzako aliye mapumzikoni anavaa koti lako na moyo wako. Waliita kubebana. Hata Injinia Mwasomola, mkuu wa zamu, alijua, na akijua hivyo aliangalia pembeni.

*

Asubuhi hiyo ya kuelekea Krismasi ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni, na wimbi lililokuwa kwenye kioo changu sijawahi kuona tena mfano wake. Nchi nzima ilikuwa imeamua kula, kunywa na kuvaa kwa siku moja. Katikati ya takataka hizo palikuwa na oda yenye alama nyekundu: dawa ya sumu ya nyoka, kwenda kituo cha afya cha Mbwelu, mgonjwa mtoto. Treni ya kusini ilikuwa tayari relini inangoja.

Nikaangalia chini. Makoti yamepangwa kwenye vigingi vyake, watu wamo ndani, bado yamelegea kama yanavyokuwa kabla ya wimbi. Koti la Atilio Mtewele lilikuwa na mtu, na Atilio nilijua yuko Ludewa anamzika mama yake. Haya, wamembeba, nikasema moyoni. Ndipo yule mtu akanyanyua mkono, akapeleka vidole viwili kwenye kioo cha kofia, mahali pa pua.

Vidole vile nilivijua. Shemeji Ditram alitakiwa awe nyumbani kwa amri ya daktari. Moyo umetanuka, waliambiwa, asinyanyue hata ndoo. Dada Vaileth alikuwa anamfungia viatu kabatini ili asitoke, na bado alikuwa ametoka.

Na koti lile ni la Atilio, kijana anayecheza mpira. Lilijua miguu ya Atilio, mapafu ya Atilio, na kifuani kipima kilikuwa kinaliimbia moyo wa Atilio.

Nikashuka ngazi nikijifanya nakwenda kukagua taa. Nilimkuta amepandisha kioo cha kofia, anatabasamu kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

"Shemeji, vua hilo koti."

"Siku hizi hakuna shikamoo?"

"Shikamoo. Vua."

Hakuvua. Aliniambia taratibu, kwa sauti ya chini, kwamba amezunguka tangu jana akitafuta wa kumbeba Atilio na hakuna aliyebaki, wote wamo kwenye makoti yao wenyewe kwa sababu ya sikukuu. Akanikumbusha alipofariki Festo, kifungua mimba wao, nani aliyevaa koti lake wiki nzima wakati yeye amelala kwenye mkeka anagaagaa. Alikuwa Atilio. Kijana wa watu alifanya zamu mbili, yake na ya mfiwa, na hakuomba hata soda.

Nilikuwa na njia mbili, na zote zilinuka. Nikitoa taarifa, koti linafungwa, Atilio anarudi kutoka kaburini hana kazi, na Mratibu analivunja wimbi alipange upya bila koti hilo. Kulipanga upya ni kazi ya muda, na treni haingoji. Nikilizuia wimbi bila kusema kitu, treni pia haingoji. Kila upande niliogeuka nilimkuta yule mtoto wa Mbwelu amelala na mguu umevimba. Nikiachia, namkuta mume wa dada yangu.

Basi nikamwambia. Nikamweleza habari za nyoka, za treni, zote. Nimejiuliza sana kwa nini nilimwambia, na jibu halinipendezi: nilichoka kuubeba mzigo ule peke yangu, nikampa na yeye ashike upande, mtu ambaye daktari alisema asinyanyue hata ndoo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka kidogo.

"Sasa, shem, unaniambia habari ya mtoto na nyoka, halafu unaniambia nivue? Nenda kaachie. Nikiona nachoka nitakigeuza hiki kidude kinisikilize mimi, koti litasimama lenyewe."

Nilimwamini. Sikuwahi kuvaa koti maishani mwangu, mimi ni mtu wa kidole. Nilimfunga vizuri kioo cha kofia, nikampiga bega, nikapanda ngazi. Nikagusa.

*

Mwanzoni lilikwenda vizuri. Koti halishiki kichwa, kichwa ni chako, na kila alipopita chini ya kibanda Ditram aliniinulia kidevu: nipo. Nami nikamwinulia mkono. Kreti zilikuwa zinatua kwenye mkanda moja baada ya nyingine, na niliiona ile ya alama nyekundu ikipita, dawa ya mtoto, imeokotwa na yeye mwenyewe kwa mikono ile. Nilishangilia peke yangu kama mwehu.

Alipita tena, kidevu kikainuka nusu.

Akapita tena, na kidevu kilikuwa kimelala kifuani.

Koti lilikuwa linatembea. Linanyoosha mkono, linashika boksi, linaliweka, linageuka. Lilikwenda vizuri kuliko hata mwanzo, maana mtu aliye hai hushindana kidogo na koti, anavuta huku linavuta kule, na sasa hakuna aliyevuta. Nikabonyeza kusimamisha. Mratibu akaliuliza koti, koti likauliza kipima, kipima kikajibu kwamba Atilio Mtewele ni mzima, moyo wake unapiga vizuri kabisa. Maombi yamekataliwa. Nikabonyeza tena. Yamekataliwa.

Sijui nilishukaje ngazi. Nilimkimbilia kichochoroni nikamshika mkono, na koti likanikwepa kwa adabu, likasema kwa ile sauti yake ya kike, "Samahani, naomba njia." Nikasimama mbele yake. Likanizunguka. "Samahani, naomba njia." Nikawa nakimbia pembeni yake nagonga kioo cha kofia kwa ngumi, naita shemeji, Ditram, Baba Festo, majina yake yote, na kichwa chake kinatikisika tu kwa mwendo wa koti. Nilijaribu kuingiza vidole nikifikie kipima, lakini koti lililo kazini limebana, halipitishi hata ukucha.

Wengine walituona. Walikuwa ndani ya makoti yao wanaokota, hawawezi kusimama, hawawezi hata kunyoosha mkono, vichwa peke yake ndivyo vilivyogeuka kutufuata. Mama Faraja alipita karibu yangu analia kwa sauti huku mikono yake inapanga soksi za watoto kwenye kreti. Hapo ndipo nilipoelewa alichonifanyia shemeji. Hakuna anayegeuza kidude chochote akiwa ndani ya wimbi. Mikono si yako. Alijua vizuri kabisa, na aliniambia vile ili nipande ngazi na roho nyeupe.

Nilikimbia naye mpaka kreti ya mwisho. Koti likarudi kwenye kigingi chake, likageuka mgongo kama linavyotakiwa, likafunguka, na Ditram akaniangukia mikononi. Alikuwa ameshaanza kupoa.

*

Injinia Mwasomola si mtu mbaya, na ndiyo maana namkasirikia zaidi. Mtu mbaya ningemtukana nikamaliza. Yeye alilia. Alimfumba shemeji macho kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akapangusa uso, akaniambia kwamba kwa hesabu ya Mratibu, aliyekuwa kazini leo ni Atilio, na Atilio ni mzima. Ditram yuko mapumzikoni. Ukitaka kumwandika Ditram amekufa, Mratibu anauliza wapi, anauliza saa ngapi. Ukijibu kweli, mambo ya kubebana yanatoka nje, vipima vyote vinapigiliwa makotini, na nusu ya watu hawa wanafukuzwa.

"Na wewe pia," akaniambia. "Kidole ni chako, Betriza."

Nikamwambia na macho ni yake, aliyokuwa anayageuza pembeni. Akaita gari. Wakamtoa shemeji kwa gari la bohari, wakampeleka nyumbani, wakamlaza kitandani kwake na kumfunika blanketi, kama mtu aliyejifia usingizini. Wakaleta na jeneza zuri.

Dada Vaileth hakulia mbele yao. Walipotoka akanishika kiganja, akanikalisha kwenye ukingo wa kitanda, akaniuliza mume wake kafia wapi. Nilimwambia yote. Sikujificha hata pale pa kidole.

"Na yule mtoto?" akauliza.

"Dawa ilifika. Nimepiga simu Mbwelu, atapona."

"Haya," akasema. Akamnyoosha mume wake kola. "Haya."

Neno hilo linanirudia mpaka leo. Angenipiga kofi ningelala.

Mratibu naye hakukaa bure. Alikuwa amelipima koti la Atilio katika wimbi lile, akaona nusu ya pili lilikwenda bila kusita, bila kuvutana, bila uchovu wa aina yoyote. Hajawahi kuona mwokotaji wa namna hiyo. Akaufanya mwendo huo ndio kiwango cha bohari. Kuanzia Jumatatu mawimbi yangekuja kwenye kioo changu yamefungwa kwa mwendo wa maiti, na Injinia akabandika tangazo la pongezi getini.

*

Atilio alifika matangani akitokea moja kwa moja Ludewa, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya mama yake. Alipoambiwa aliyefia ndani ya koti lake ni nani, alikaa chini kwenye matope ya uani na hakuinuka mpaka walipomwinua. Watu walikuwa wanapitishiana pombe ya ulanzi kimya kimya. Mapumziko ya Ditram yalikuwa yanaisha, Jumatatu alitakiwa kazini, na kila mmoja alijua maana yake. Asipotokea, siku mbili tu, jina linafutwa, mshahara unakatika, na Vaileth anabaki na jeneza zuri.

Atilio ndiye aliyesema. Alisema polepole, bila kumtazama mtu.

"Si wamesema hajafa? Basi Jumatatu anakuja kazini."

Hakuna aliyebisha. Wakapanga zamu palepale, nani atambeba Jumanne, nani Jumatano, mpaka arobaini ipite na Vaileth apate pa kushika. Kila aliye mapumzikoni atamwazima Ditram mwili. Kipima chake kilikuwa bado kwenye koti lake, kimeushika moyo wake wa zamu ya mwisho kabla daktari hajamrudisha nyumbani. Ilibaki Jumatatu, ambayo haikuwa na mtu. Nikasema nitambeba mimi.

Jumatatu asubuhi nilisimama kwenye kigingi cha shemeji yangu, nikakigeuza kipima uso, nikaingia. Koti lilikuwa linanuka ugoro. Likanibana shingoni, mgongoni, likasita kidogo kwenye makalio, halafu likaniamini. Na moyo wa Ditram ukaanza kugonga kifuani kwangu, juu kidogo ya wangu, taratibu, moyo wa mtu ambaye bado hajaambiwa kwamba ni mgonjwa.

Injinia Mwasomola alikuja anatafuta mtu wa kuachia wimbi. Alikagua safu ya makoti mpaka akafika kwangu, akaona macho ndani ya kofia ni ya nani, akaona jina kwenye koti. Aliniambia nitoke, wimbi la leo ni zito, ni lile la mwendo mpya, sijawahi hata kuvaa. Akaniambia humo kuna damu ya hospitali tatu.

"Basi liachie," nikamwambia. "Na wewe una kidole."

Akanitazama. Sijui alitaka nimwonee huruma au vipi. Mwisho akapanda ngazi mwenyewe, nikamwona kupitia vioo akikaa kwenye kiti changu na mikono yote miwili iko mapajani. Nilimwombea asiguse, na kwa ajili ya ile damu nilimwombea aguse, Mungu anajua ipi ilikuwa dua yangu ya kweli.

Taa za rafu zikawaka.

Koti likaninyakua. Lilikuwa linakwenda mwendo ambao hakuna aliye hai aliyewahi kwenda, na magoti yangu yakapiga kelele kabla hata ya kreti ya kwanza. Nikajaribu kupeleka mkono kifuani, kwenye kipima, nione tu. Haukwenda. Hata kidole gumba, kile changu cha kazi, hakikujikunja.

Tukafika mwisho wa kichochoro. Hapo koti likapunguza mwendo, likaunyanyua mkono wangu wa kulia, likavifikisha vidole viwili mpaka kwenye kioo cha kofia, mahali pa pua, likasubiri nivute. Nikavuta.